Pua ya Lodi Wexcombe

Nusu ya mtaa wa Fleet ilikuwa imejazana mbele ya dirisha la duka, ikiicheka picha. Mara kicheko kikakatika. Hester Pruett, aliyeichonga picha ile kwenye bamba la shaba kwa mkono wake, alijua kabla hajainua macho kwamba askari wa serikali ameingia.

Obadiah Gadd alikuja na hati ya kumkamata yeyote aliyemchora Lodi Wexcombe, waziri aliyepandisha kodi ya bia. Pichani mlikuwa na joho, nishani na wigi la mawimbi. Na chini ya wigi, pua ya nguruwe. Jina halikuandikwa. Hester hakuwa mjinga.

"Nani huyu, we mama?"

"Mheshimiwa fulani, afande. Kwani wewe unamjua?"

Watu wakauma midomo. Gadd akawageukia. "Nani anamjua?"

Mtu angelitamka jina lile tu, Hester angetiwa kwenye mkatale sokoni, apigwe mawe mpaka jicho limtoke.

Barnabas Tolley, fundi wigi wa jirani, ndiyo kwanza anafika, akapenya kwa viwiko. "Ala! Wigi langu hilo! Mnayaona mawimbi? Nimeyasuka mimi!"

Sifa zilimponza. Gadd akamkwida. "Ulimsukia nani?"

"Lo... Lodi Wexcombe."

Gadd akamshika Hester kifundo cha mkono wa kulia, kwa nguvu. Kwa mkono mwingine akatoa Biblia. "Fundi, apa kwamba huyu ndiye."

Tolley akaitazama Biblia. "Wigi naliapia, bwana. Lakini uso huo... nikamwambie jaji mteja wangu ana pua ya nguruwe? Apa wewe. Si mkubwa wako?"

"Apa, baba!" akapaza sauti muuza samaki mmoja. "Mkubwa wako atafurahi!"

Kiganja cha Gadd kikaelea juu ya Kitabu. Aliitazama ile pua, akaitazama tena. Hester alihisi vidole vikilegea kimoja kimoja. Askari akaichana picha, akatoka.

Mtaa ukalipuka kwa vicheko. "Bi Hester, chapa nyingine!"

Tolley alitaka kuomba radhi; Hester akampita. Akaketi, akagusa shaba mpya kwa kalamu ya chuma. Mstari ukaenda upogo. Akaiweka kalamu chini, akaukalia mkono wake wa kulia, watu wasiuone.