Bi Jua

Mstari wa kijani kwenye skrini uliruka ghafla, ukagonga ukingo wa juu, kisha ukaporomoka. Feni ya chumba cha udhibiti iliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Bi Jua, ndugu yako huyo kaja kukusalimia," alisema fundi wa mitambo, ambaye wote walimwita Shemeji kwa kuwa alimwoa dada wa mhasibu. Alicheka peke yake.

Jina hilo Mkuu wa kituo ndiye aliyembandika mchambuzi wa zamu. Mwaka uliopita mwanamke huyu aliutangazia ulimwengu kwamba darubini yao ya angani imenasa mmweko wa miale ya gama, kifo cha nyota ya mbali mno. Kumbe lilikuwa jua tu, limefoka kidogo. Tangu hapo, mkutanoni na hata kwenye foleni ya chai, akawa Bi Jua. Jina lilikuwa na ncha mbili: jua lile la angani, na mtu anayejifanya anajua. Alikuwa akicheka pamoja nao huku moyo ukimchoma.

Leo hakucheka. Mbele ya darubini hiyo kuna bamba zito lenye matundu. Miale ikipita huacha kivuli, na kivuli hicho ndicho husema mwanga umetoka upande gani. Alikisoma, akakisoma tena. Kisha akaangalia darubini yenyewe ilikuwa wapi, akavuta kibodi karibu.

Mkuu aliingia na kikombe mkononi, akaiona skrini.

"Usitume kitu. Tusubiri setilaiti nyingine ithibitishe. Hatuwezi kuaibika mara mbili, dada yangu."

"Tukisubiri, mwanga utafifia. Darubini za ardhini hazitakuta cha kutazama."

"Na kama ni jua tena?"

"Jua liko wapi sasa hivi, Mkuu?"

Mkuu alinyoosha kidole dirishani, ambako mchana ulikuwa unawaka.

"Hilo ni letu sisi. Darubini iko upande wa pili wa dunia, gizani. Jua haliioni, nayo hailioni."

Shemeji aliinamisha kichwa, akajifanya anakaza waya.

"Ukituma bila idhini yangu," Mkuu alisema polepole, "kesho usije kazini."

"Basi natuma leo."

Aliandika mahali mmweko ulipotokea. Penye jina la mtumaji, mashine ilikuwa imeshajaza jina lake halisi. Alilifuta, akaandika *Bi Jua*, akabonyeza. Aliogopa, naam, lakini tangu mwaka uliopita hakuwahi kujisikia mzima namna ile.

Chai ya Mkuu ilipoa bila kuguswa. Hatimaye ujumbe ukaingia kutoka kwa wenye darubini kubwa ya mlimani: "Tumegeukia huko. Mawingu yanaanza kupisha. Bi Jua ni nani?"

Mkuu alisoma, akamtazama. Mwanamke aliinuka, akamsogezea kiti mbele ya kibodi.

"Wajibu wewe," alisema. "Jina ulinipa wewe."