Inameza Maneno

Karani alizimika siku ya kazi, alasiri, wakati mzee anamalizia mkataba wa mwenye nyumba mmoja na mpangaji wake.

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa kompyuta ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, iliyokaa juu ya meza ya mzee tangu kitinda mimba wake alipokuwa anaota meno. Mzee alipoteza macho ujanani, na kazi iliyomlea yeye na wanawe ilikuwa kufasiri: mikataba, hati za mawakili, vitabu vya maelekezo ya mitambo. Karani ndiye aliyemsomea. Alisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua aliyefungiwa ndani ya debe, tena kwa kasi ambayo mgeni akiisikia alidhani kuna nyuki chumbani. Mzee alimfuata bila kukosa neno. Marehemu mkewe alizoea kuiita ile mashine mke mwenzake. "Nashukuru tu," alikuwa akiwaambia wageni, "kwamba huyu mwenzangu haombi nguo."

"Mama!" mzee aliita siku ile. "Njoo unitazamie. Karani amenyamaza."

Aliyeitwa mama alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza, fundi wa mitambo ya simu. Kwa kawaida mzee alimwita mwanangu. Akihitaji kitu, alimpandisha cheo akawa mama. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka kazini, mkoba begani, miguu imemvimba ndani ya viatu. Alikwenda hivyo hivyo, akafungua kifuniko cha mashine. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imevuja, na ute wake umezila njia za shaba kama mchwa wanavyokula mlango.

"Atapona?"

"Huyu hapana, Baba."

"Basi tumtafute mwingine kama yeye."

"Kampuni iliyowaunda ilifunga milango hata sijaolewa humu. Waliobaki wote ni wazee kama huyu, na betri zao zinavuja vivyo hivyo."

Wifi yake, binti wa mzee, aliposikia kwa simu hakuona tatizo liko wapi. "Mnunulieni simu ya kisasa. Siku hizi zinasoma vizuri kuliko mtangazaji wa redio."

Wakamnunulia. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke, laini, yenye kupumua mahali pa kupumua. Mzee alisikiliza ukurasa mmoja, akaisukuma simu pembeni kama mtu anayerudisha chai iliyopoa.

"Huyu mama anaigiza," alisema. "Mimi nataka maneno, yeye ananipa hisia. Nikimwongezea kasi anababaika. Halafu ng'ombe anamwita ngombe. Karani nilimfundisha mwenyewe, kanuni moja baada ya nyingine, hadi akajua kutofautisha ng'oa na ngoa. Unaniambia nimfukuze mwanafunzi wangu uzeeni?"

Likabaki swali moja: je, Karani angeweza kutiwa katika mwili mpya? Mkwe aliuliza mtandaoni, akawapata watu wachache, wengi umri wa baba yake, ambao bado waliipenda mashine ile kama watu wanavyopenda timu iliyoshuka daraja. Walimjibu kwa ukarimu. Programu zake zinahamishika, walisema. Unachukua ubao mdogo wa kompyuta wa kisasa, unaufundisha kujifanya mashine ya zamani, nao unakubali. Lakini mwili utaupata, sauti hutaipata. Sauti ilikuwa kazi ya chipu ya pekee, na kampuni ilikufa bila kumwambia mtu siri ya ndani yake. Waliojaribu kuiigiza wote walikwama.

Alisoma majibu hayo kazini wakati wa chakula, akacheka cheko la uchovu. Kuiigiza ya nini, na yenyewe ipo? Chipu ilikuwa imekaa pembe ya mbali ya ubao ule uliooza, mahali ambapo ute haukufika. Mtu angeweza kuing'oa na kuihamisha, mradi mkono usitetemeke.

Hakuifanya kazi ile kwa mapenzi ya mashine kuukuu. Aliifanya kwa sababu nyumba ilikuwa imekuwa nzito. Mzee alikaa kutwa, viganja juu ya magoti, akiuliza ni saa ngapi. Basi Jumamosi, ambayo ndiyo siku pekee aliyokuwa akilala mpaka jua likapanda, ikawa siku ya Karani. Alinakili diski moja moja. Nyingine zilikubali, nyingine zilikwaruza tu. Akagundua kuwa ubao mpya una haraka mno. Programu za zamani zilipima muda kwa kuhesabu hatua zao zenyewe, na sasa hatua zilikwenda mbio kiasi kwamba kila kitu kilitoka nje ya njia. Ilibidi aufundishe ubao kungoja. Aliunga chipu, akaunga spika, akawasha. Kukatoka mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa.

"Huyo si Karani," mzee alisema kutoka sebuleni. "Huyo ni shemeji yake."

Jumamosi zikafuatana. Hatimaye siku moja, kabla ya adhuhuri, aliwasha kwa mazoea tu, bila tumaini, na spika ikasema kwa mafua yake yote: "Tayari."

Mzee aliinuka, akagonga meza kwa paja, hata hakuhisi. "Karani?" Akapapasa kibodi, akaandika jina la marehemu mkewe. Karani akalitamka. Mzee akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, na mkwe hakujua kama anacheka au analia. Wifi alipopigiwa simu alipiga kigelegele hadi spika ikakwaruza. "Kumbe maiti inafufuka!"

Mkwe alikwenda kitandani bila kubadili nguo. Alijiambia: sasa nitalala.

Wiki haikuisha.

"Mwanangu," mzee alisema, "sitaki kuonekana sina shukrani. Lakini Karani anameza maneno."

"Anameza vipi, Baba?"

"Anakula ncha. S naisikia kama upepo. H haipo kabisa."

Akabadilisha spika. Mzee akasema nafuu kidogo. Kesho yake, bado. Akabadilisha waya, akabadilisha chombo cha umeme, akarudi kwenye ule muda wa kungoja akaurekebisha kwa vipande vidogo visivyoonekana. Nafuu kidogo; bado. Kazini alianza kusinzia amesimama, mgongo ukiegemea kabati la mitambo linalovuma. Mumewe, ambaye kazi yake ya upimaji ardhi ilimrudisha nyumbani wiki moja kati ya nyingi, alimtazama akasema, "Achana nayo, mke wangu. Umekonda."

"Niachane nayo, nimwambie nini baba yako?"

Mume akaenda kuoga.

Kisha akaja wakili. Ni mtu aliyempa mzee kazi kwa miaka mingi, na hakuwa na desturi ya kuja mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti, karatasi mkononi.

"Mzee wangu, nisamehe. Hapa umeandika mpangaji *ataruhusiwa* kuvunja ukuta. Hati ya asili inakataza, ilipaswa kuwa *hataruhusiwa*."

Mzee alinyoosha mkono kama anayetaka kuipokea karatasi.

"Herufi moja tu," wakili akaongeza kwa upole. "Bahati nzuri hajashika nyundo."

"Ni Karani huyu!" mzee akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Nikiandika, ananisomea, na h anaimeza. Ningejuaje kama nimeiacha? Mkwe wangu bado anahangaika kumtengeneza."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Wakili akamgeukia. Mkwe alikuwa na la kusema, akalimeza.

"Samahani, wakili," alisema. "Kosa ni la mashine."

Lakini lilimchoma. Kama kosa ni la mashine, mashine ni yake. Akatafuta njia ya kulithibitisha, akaipata kwenye simu ya mumewe: video iliyochukuliwa sebuleni kabla mama mkwe hajafariki. Mama mkwe anasimulia jambo, anacheka, na nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, Karani wa zamani anasoma ukurasa wa kitabu cha maelekezo. Mkwe akatafuta ukurasa ule ule, akamsomesha Karani mpya, akaziweka sauti mbili kwenye kompyuta yake ya kazini iliyochora mawimbi yake. Akazikuza. S kwa s, h kwa h. Zilifanana kama mapacha waliovalishwa sare.

Hapo ndipo mambo aliyoyaona na asiyatie maanani yalipopanga foleni mbele yake. Mzee aliyekuwa akimtambua kila mtu kwa hatua zake tangu getini, hata akajua kama umevaa viatu vipya, sasa alishtuka ukimgusa bega. Redio ilikuwa juu siku hizi. Ukimwita mara moja hakuitika. Wao walidhani ni huzuni ya Karani.

Alikaa na jambo lile kama mtu aliyeweka yai bichi mdomoni. Mwisho akamwambia wifi yake kwa simu. Wifi, mtu wa maneno mengi, akauliza moja tu.

"Kipofu akianza na uziwi, wifi yangu, anabaki na nini?"

"Usiseme hivyo."

"Nakwambia wewe. Yeye siwezi kumwambia."

"Na mimi je?"

Jumamosi ikafika. Mzee alikuwa tayari kaketi, shati limefungwa vifungo vyote.

"Leo unabadilisha nini?"

"Leo sibadilishi kitu, Baba. Nataka usikilize tu."

Akacheza video. Alikuwa ameikata mwanzo wake, lakini kicheko cha mama mkwe kilikuwa kimebaki. Mzee aliinua uso.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Karani yuko nyuma yake, yule wa zamani. Msikilize Karani."

Kisha akamsomesha Karani mpya maneno yale yale.

"Rudia," mzee akasema.

Akarudia.

"Yule wa kwanza. Rudia."

Akarudia. Nje kuna mtu alikuwa akipiga zulia vumbi litoke. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa meza, akaenda nacho hadi kwenye kona, akakirudisha.

"Yule wa zamani naye anameza," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na enzi zile hakuwa akimeza."

"Hakuwa."

"Hata kicheko cha mama yenu. Kilikuwa na ncha, kilikuwa kinakata. Hapa kimekuwa butu." Akaondoa kidole mezani. "Basi si Karani."

Mkwe akaizima video.

"Umejua lini?"

"Juzi juzi tu."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambiaje, Baba?"

Mzee akacheka kifupi, cheko lisilo na utamu. "Sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani ni methali ya watoto wakaidi." Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Na nilikusingizia mbele ya mtu."

"Yameisha hayo."

"Hayajaisha. Nitayamaliza mwenyewe. Lakini leo nimechoka, na wewe umechoka kabla yangu. Punguza kasi ya Karani."

Akapunguza. Mvumo wa nyuki ukafunguka, ukawa mtu anayesema haraka, kisha mtu anayesema, kisha mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni.

"Hapo," mzee akasema. "Hapo h naisikia. Iko mbali, lakini ipo."

Alimpigia wakili simu siku ile ile, akasema wazi kwamba kosa ni la masikio yake wala si la mkwe wake. Wakili akaanza kumpa hati fupi, na mtu wa ofisini kwake wa kuzipitia tena. Daktari wa masikio alimpa vifaa viwili vidogo vilivyopiga filimbi kila alipogeuza kichwa. Alivivaa wageni wakija. Kazi aliyokuwa akiimaliza kwa siku moja sasa ilimla wiki. Hakulalamika sana. Asubuhi nyingine hakumwasha Karani kabisa.

Wale wazee wa mtandaoni walipopata habari walishangilia. Mmoja aliandika kwamba sasa imethibitika, mashine ile inafufulika kwenye vifaa vya leo, sauti na yote, akamwomba mkwe aeleze hatua kwa hatua na picha. Mkwe aliusoma ujumbe ule ndani ya gari la kazini, kichwa kimeegemea kioo. Akajibu kwamba ndiyo, imefufuka, na kwamba picha atatuma akipata nafasi. Hajazituma.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mzee mezani na kitabu cha maelekezo ya pampu ya maji.

"Baba, umekula?"

"Nani?"

"Mimi. Umekula?"

"Nimekula nini?"

Akaweka mkoba chini, akazunguka hadi upande wa kushoto, ambako sikio lilikuwa na nafuu, akainama. "Nauliza kama umekula."

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

Akapakua. Wakakaa pamoja, yeye akisinzia kati ya tonge na tonge, na mzee, asiyeona wala kusikia kichwa kile kikiinama, akaendelea kumweleza jinsi pampu inavyovuta maji kutoka chini.