Kamusi Iliyobaki kwa Simu ya Kwanza

Kamusi ya Kiingereza niliyolipia kwenye simu yangu ya kwanza haifunguki kwenye hii mpya. Inataka nilipe upya. Ile ya kwanza ilizama ziwani. Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi Kendu Bay, na barua za kaunti huja kwa Kiingereza. Shule niliachia darasa la sita.

Nikaenda mji wa Suna kwa Abdinasir, aliyeniuzia simu ile iliyozama na kunifungulia akaunti ya kamusi.

"Nipe paswadi yangu, niifungue kamusi bila kulipa tena."

"Mzee, nimefungulia watu mia tatu akaunti. Wewe ungekariri?"

Maoni ya watumiaji wa kamusi yalionya kwamba ukipoteza paswadi unalipa upya, lakini kwa Kiingereza. Mimi, nilipoinunua, nilitazama tu nyota walizoipa.

Kamusi, shilingi mia tisa. Nauli, mia nane. Barua ya kaunti kuhusu nyavu ikapitwa na tarehe ya kujibiwa kabla sijaielewa. Jumapili wavuvi wakamchagua mwenzetu Priscilla kuwa katibu badala yangu.