Kijino cha Ndoana ya Mkiani

Siku ile mjinga wa boti alikuwa mimi, nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta. Tulikuwa watu watatu tu. Kulikuwa na mgeni aliyekuja kuvua. Kulikuwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ndiye nahodha. Na nilikuwepo mimi, mwongozaji, mtu wa kumwonyesha mgeni arushe wapi, avute vipi na apumzike saa ngapi. Siku hizi napaka rangi boti za watu, na nikiulizwa kwa nini niliacha kazi nzuri kama ile, nasema mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wanatoka mbali, wanapanda ndege mbili tatu, kisha boti nusu siku, kufika visiwa visivyo na hata duka la kuuza kiberiti, ili wamvue kolekole mkubwa, wampige picha, halafu wamrudishe majini. Mjomba wangu alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza, "Wanamrudisha kwa sababu wameshiba, au mnapika vibaya?" Lakini mjomba hajawahi kumwona kolekole jitu akija. Anapanda kutoka kwenye ukingo wa mwamba, mweusi, uso umekunjwa kama bawabu aliyeamshwa, na akikigonga chambo juu ya maji, mtu mzima mwenye wajukuu anaanza kumwita mama yake.

Kwa kuwa samaki anarudishwa, kambi yetu ya uvuvi ilikuwa na sheria moja ambayo haikuchezewa: kila ndoana ibanwe kijino. Kijino ni kile kipande kidogo karibu na ncha, kinachotazama nyuma. Kinaifanya ndoana iingie bila shida na igome kutoka. Kila asubuhi mwongozaji anachukua koleo na kukilaza kijino mpaka kiwe bapa. Halafu anaichoma ndoana kwenye mkono wa shati lake na kuichomoa. Ikitoka bila kuvuta uzi, imebanwa. Mashati yetu yote yalikuwa na vitundu mkono wa kushoto, utadhani tunafuga nondo. Ukimaliza, nahodha anauliza, "Umebana?" Unajibu, "Nimebana." Naye anatia sahihi kwenye daftari la asubuhi, boti inaondoka.

Shemeji alipopewa usukani, baada ya miaka kumi na moja ya kuosha boti za wenzake, hakuwa wa kuuliza tu. Alikuwa anazichukua ndoana zote na kuzipima tena kwenye shati lake mwenyewe, moja moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mimi na mdomo wangu nikawa namwambia mbele ya wenzetu, "Shemeji, hata dada hukumkagua hivi kabla hujamwoa." Wanacheka, naye anacheka. Kila asubuhi nikawa na kichekesho kipya, mpaka akachoka kuchekwa, akaacha kupima. Akabaki kuuliza. Hilo nalo niandikieni mimi.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa fundi saa. Mzee mkimya, vidole vyembamba, kofia yake imeshonwa mara mbili palepale. Ilikuwa safari yake ya tatu kwetu. Safari ya kwanza kolekole alimkatia uzi kwenye mwamba. Ya pili, wawili walimtoka karibu kabisa na boti, na wa pili alitoka huku mzee ameshanyoosha mkono kumgusa. Hakulaumu mtu. Alikaa, akafuta miwani yake kwa muda mrefu, akasema, "Basi." Lile basi lake lilinikaa. Wageni wengi wakipoteza samaki wanalaumu fimbo ya kuvulia, wanalaumu jua, wanatulaumu sisi. Yeye alisema basi, na sasa macho yalikuwa yameanza kumsumbua na binti yake alishamwambia hii iwe ya mwisho.

Sasa sikilizeni akili ya mjinga. Asubuhi nilikaa na koleo langu kwenye kibanda cha vifaa, chambo kipya mkononi, cha plastiki, rangi ya buluu, kina ndoana mbili, moja tumboni na moja mkiani. Ya tumboni nikaibana. Ya mkiani nikaitazama. Nikajiambia, kolekole anakimbiza kutoka nyuma, ataikamata hii hii, na safari hii hachomoki. Ni kijino kimoja tu, nani atajua. Nikakining'iniza chambo kwenye fimbo.

Shemeji akaja na daftari kwapani. "Umebana?"

"Nimebana, shemeji. Au unataka na cheti cha daktari?"

Akacheka, akatia sahihi.

Mpaka saa nne hatukuwa tumeona kitu. Kisha kwenye mkondo kati ya visiwa viwili vidogo, maji yalifumuka na chambo kikapotea. Fimbo ikalala. Fundi saa hakumwita mama yake. Alikaza meno, akaegemeza goti ukingoni kama nilivyomfundisha. Shemeji alikuwa anaisogeza boti kwa akili, anarudi nyuma kidogo, anageuza kidogo, anamweka samaki mbali na mwamba. Ni kazi ambayo mgeni haioni, na bila yeye uzi ungekatika dakika ya kwanza. Mimi nilikuwa napiga domo. "Fundi, huyu leo hatoki, nimekuhakikishia." Nilisema hivyo kabisa, na nikakonyeza.

Baada ya dakika ishirini samaki akalala ubavuni pembeni ya boti, mrefu kama benchi. Nikashika uzi karibu na mdomo wake. Shemeji akaacha usukani, akainama amshike chini ya taya ili mzee apigwe picha yake. Hapo ndipo nilipoona. Ndoana iliyomshika samaki ni ya tumboni, ile niliyoibana, imekaa vizuri kwenye kona ya mdomo. Ya mkiani ilikuwa inaning'inia hewani, na kijino chake kimesimama.

Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Sikulisema, kwa sababu lingeniumbua.

Samaki akatikisa kichwa mara moja. Ndoana ya mkiani ikaingia kwenye mkono wa kulia wa shemeji, pale kidole gumba kinapoanzia, na samaki akapiga mkia kwenda chini akiwa naye. Shemeji hakupiga kelele. Alitoa mlio mdogo kama wa mtu aliyekalia mwiba, akawa ameinama mpaka begani ndani ya maji, mtu na samaki wamefungwa pamoja na kipande cha plastiki.

Niliikamata taya, nikaigeuza ile ya tumboni kwa koleo, ikatoka palepale, laini, kama haikuwa imeingia. Samaki akaenda zake. Hakuna picha. Ya mkononi sasa. Shemeji akanipa mkono wake, uso umetulia. "Chomoa tu," akasema. "Itateleza, si imebanwa."

Nikavuta. Ngozi ikainuka kama hema na ndoana haikuja.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, shemeji. Mbona inakataa?"

"Sijui," nikajibu. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Nilikata chambo, nikamfunga mkono na fulana yangu, nikashika usukani mwenyewe. Ni mwendo wa saa mbili na nusu mpaka kisiwa chenye zahanati. Kila wimbi likitupiga nilikuwa namsikia akivuta pumzi kwa meno. Mimi ambaye sinyamazi hata nikila, sikuwa na kichekesho hata kimoja. Fundi saa alikuwa amemshikilia kiwiko asitikisike. Kwenye zahanati, muuguzi alifanya kazi karibu saa nzima kuitoa, akaiweka kwenye sahani ya bati. Mzee akaiinua, akavua miwani, akaisogeza jichoni kama anavyoangalia saa.

"Ile nyingine, ya tumboni, niliiona botini ina alama ya koleo," akasema taratibu. "Hii koleo halijaigusa."

Akanitazama. Nadhani alikumbuka nilivyokonyeza, maana uso wake ulibadilika, akairudisha ndoana kwenye sahani bila kuigonga. "Ilikuwa kwa ajili yangu?" akauliza. Nikajidai natafuta maji ya kunywa. Kesho yake aliomba arudishwe kwao, siku nne kabla ya muda wake. Aliniaga kwa mkono, vizuri tu. Afadhali angenizaba kofi.

Meneja wa kambi alitaka kujua ndoana yenye kijino ilitokaje asubuhi na sahihi ya nahodha ipo kwenye daftari. Shemeji akamjibu, "Ilisahaulika moja." Ilisahaulika. Hakusema nani aliisahau. Meneja akasema nahodha anayetia sahihi kitu ambacho hakukiona hafai kubeba wageni; kuanzia Jumatatu usukani apewe mwingine, yeye ahamie stoo ya maboya na maturubai ya kivuli. Shemeji akasema sawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikia.

Jumapili mchana nikaenda kwao. Nilibeba machungwa. Mtu ana mkono mmoja, mimi nampelekea machungwa. Dada yangu aliyapokea, akayatazama, akanitazama.

"Akili zako zilibaki wapi, mdogo wangu?"

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono umefungwa mpaka kifundo, dada akimalizia kumfunga vifungo vya shati. Gumba lilikuwa limetokeza nje ya bendeji, halikunjiki. Daktari alikuwa amesema tusubiri, huenda likakunjika, huenda lisikunjike.

"Kaa, shemeji," akasema. "Usiwe na uso huo, hujaniua. Kusahau ni kazi ya kila mtu. Mimi mwenyewe juzi nilisahau kujaza mafuta."

Alikuwa ananifariji. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, magoti pamoja, kama nimekuja kuposa. Nikasema, "Sikusahau."

Dada akaachia kifungo cha mkono wa shati.

"Hukusahau nini?" akauliza.

Nikaeleza. Fundi saa, safari tatu, lile basi lake, macho yake, binti yake. Nilieleza vizuri mno. Nilijisikia mwenyewe nikiipamba. Nilipofika kwenye "nimebana, au unataka cheti", nikaharakisha kidogo. Shemeji alisikiliza akiangalia gumba lake.

"Kwa hiyo aliuliza," dada akasema, "ukamwambia umebana."

"Nilimwambia."

"Na alipokuambia uchomoe, ulijua haitatoka."

"Dada, nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Sikukuuliza ulikuwaje. Nimeuliza ulijua?"

"Nilijua."

Akainuka, akaenda kusimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Nikaona bora niseme lililonileta, kwa sababu nilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimeupanga njia nzima.

"Sikilizeni. Kesho asubuhi naingia kwa meneja kabla hajamkabidhi mwingine ufunguo wa boti. Namwambia mimi ndiye niliyesahau, na shemeji aliniuliza, nikamdanganya kwa kutojua. Nitapewa onyo, labda nikatwe siku kadhaa. Shemeji anarudi kwenye usukani. Mimi nabaki mbele, yeye nyuma, kama zamani."

"Useme ulisahau," shemeji akasema.

"Ndiyo. Nikisema nilifanya makusudi, nafukuzwa siku hiyohiyo. Faida yake nini? Samaki ameshakwenda, mzee ameshakwenda. Anayekosea anaonywa, anayekusudia anafukuzwa, hiyo ni tofauti ya neno moja tu."

"Neno moja," akasema.

"Na tuseme ukweli, shemeji, siku hizo za zamani ulikuwa unapima mwenyewe. Ungepima..." Nikaona mgongo wa dada ukikakamaa, nikalimeza lililobaki. "Sisemi ni kosa lako. Nasema tu, kila mtu ana sehemu yake. Na makusudi yangu hayakuwa mabaya. Nilimhurumia mtu. Mkono wako sikuufikiria kabisa."

"Hapo nakuamini," dada akasema bila kugeuka.

"Shemeji," nikasema, na sasa nilikuwa naomba, sina aibu kukiri, "wewe mwenyewe umeshamwambia meneja ilisahaulika. Neno ni lako. Mimi nakuja kulitia jina langu tu. Usukani unarudi, kazi yangu inabaki, nyumba mbili hazipati shida. Nani anaumia?"

Shemeji alijaribu kuufunga mwenyewe ule mkono wa shati uliokuwa wazi, kwa mkono wa kushoto, kifungo kikamponyoka mara mbili. Niliinuka nimsaidie. Akanizuia kwa kiwiko, pole pole, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Mtu aliyesahau ningekuwa namkumbusha kila asubuhi," akasema. "Wewe nikukumbushe nini?"