Kitenzi Katika Pindo la Kanga

Usiku wa jana niliota, na kabla ya kulala nilikuwa nimesali vizuri, kwa hiyo ndoto yenyewe naisimulia bila aibu.

Niliota daftari langu la Kiingereza linakohoa juu ya stuli.

"Mama Elinami," likasema, "sentensi yako imeanguka."

"Imeumia?"

"Amka ukaione mwenyewe."

Sentensi hiyo naijua. Jumapili wageni wa usharika rafiki wa kanisa letu wanakuja kutoka ng'ambo, na sisi wa darasa la watu wazima kila mmoja atasimama ajieleze kwa Kiingereza. Mimi niliandika: I happy. Mwalimu Nakundwa akaizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni, "Kitenzi kiko wapi?" Nikamwambia, "Mwalimu, mimi mzima, wewe mzima, na tumeelewana. Kitenzi cha nini?" Akasema kwa Kiingereza haiwezekani, na kama hadi Alhamisi sijakipata, basi Jumapili nitashika chupa za chai, wengine waseme. Namsifu, anayekaa nyuma yangu, akadakia, "Labda kakiazimisha kwa jirani." Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, ila kwa nje tu.

Alhamisi yenyewe ni leo.

Basi, humo ndotoni nikajifunga kanga, nikatoka kwenda uani. Ua haupo. Kuna ukumbi wa usharika, na ndani yake benchi moja refu lililopinda katikati hadi kugusa sakafu. Upande wa huku ameketi I, mwembamba, wima kama mshumaa. Upande wa kule ameketi Happy, mama mnene mwenye gauni la njano, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Katikati hakuna mtu.

"Hamjambo?" nikasema.

"Mimi sijambo," akajibu I. "Huyo wa kule simjui."

"Mimi ni kivumishi," akasema Happy. "Kazi yangu ni kumpamba mtu, lakini huyu simfikii. Mama, tutafutie kitenzi cha kukaa hapo kati kabla Nukta hajafunga."

Nukta alikuwa mlangoni. Mzee wa kanisa, mfupi, mviringo, hana shingo, ameshika funguo. Huyo akishafunga, hakuna tena wa kuongeza neno.

Nikatoka mbio. Nje kuna geti, na getini kuna bwana mmoja aliyeachama mdomo.

"Oh!" akasema. "Wewe ni neno la aina gani?"

"Mimi Mlutheri."

"Oh! Kitenzi kiko wapi?"

"Ndicho nilichokifuata, baba."

Akanipisha. Yule alikuwa kihisishi, na vihisishi hawana neno na mtu.

Ndani ya geti ni shamba la vitenzi. Wote wanafanya kazi. Mmoja anakimbia, mwingine anafagia, mwingine analia na ndiyo kazi yake aliyoajiriwa. Nikamsimamisha aliyebeba ndoo.

"Wewe nani, mwanangu?"

"Water. Asubuhi nilikuwa nomino, nimetulia ndooni. Sasa ni kitenzi, namwagilia mboga."

"Na nguo hujabadilisha?"

"Kwetu hatubadilishi nguo, mama. Unamjua mtu kwa mahali alipokaa."

Nilishtuka sana. Kwetu neno likienda kazini huvaa angalau ku-.

"Haya, njoo ukae kati ya I na Happy."

Akacheka hadi maji yakamwagika. "Mimi? Pale nitamwagilia nini?"

Ndipo nikaona mtu ananijia taratibu, amevaa koti la marehemu mume wangu, lile la kahawia lenye kifungo kimoja cha kijani nilichokishona mwenyewe.

"Twende, Mama Elinami," akasema. "Mimi ni Was. Miaka sita hii unanitumia mimi tu."

Nikamtazama. Was anatosha pale kabisa. I was happy, yaani nilikuwa na furaha: sentensi imekamilika, wala si uongo. Mwalimu ataweka tiki, na Namsifu atanyamaza. Lakini nikasikia kelele kutoka ukumbini. Happy alikuwa ameanza kugeuza shingo kutazama nyuma, inageuka, inageuka, na mwenyewe analalamika kuwa inauma.

"Nikikuacha utakasirika?" nikamuuliza Was.

"Mimi sikasiriki. Mimi nimeshapita."

"Na watu je? Mjane asimame mbele ya wageni aseme ana furaha?"

Akafikiri. Akavua koti, akalikunja vizuri, akanipa. "Hili ni lako, litunze. Lakini benchini usilikalishe."

Pale alipokuwa amesimama, nyuma ya miguu yake, kuna kijitu kimejibanza. Kifupi, tumbo la duara, miguu ya ziada.

"Na wewe nani?"

"Am."

"Mbona wenzako wanalima wewe umekaa?"

"Mimi namtumikia mmoja tu duniani, naye ni I. Kila ukiandika unaniruka kama dimbwi."

"Samahani, baba. Sikukuona. Kazi yako nini hasa?"

"Nakaa katikati. Nikishakaa, mtu anakuwa."

Nikaona hiyo ni kazi ya maana. Nikamwambia tukimbie. Akasema miguu anayo mingi lakini yote mifupi. Basi nikamfunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, kama tunavyofunga vitu vya thamani, koti kwapani, nikaondoka mbio. Shamba likawa ngazi, ngazi zikawa kwaya imesimama kwa mistari, nami nikapita juu ya mabega yao huku wanaimba, wala hakuna aliyekosa sauti yake. Kutoka kwenye fundo nasikia Am anaitikia besi.

Nafika ukumbini, Nukta anasukuma mlango. "Bado!" nikapiga kelele. "Hatujamaliza!"

"Funguo zimeshazunguka, mama," akasema, kisha akajikwaa, akaniangukia kwenye kidole gumba cha mguu.

Nikaamka.

Nje kumekucha. Nikakaa kitandani, nikashukuru kwa siku mpya, nikaanza kujifunga kanga, na mkono ukagusa fundo. Mimi kwenye kanga ya kulalia sifungi kitu. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili. Ndani hamna kitu, ila harufu ya chaki.

Nikafungua daftari.

Kati ya I na Happy, pale nilipopaacha wazi, alikuwepo Am, na ile m yake imekunjamana kama kitu kilichosafirishwa kwenye nguo njia nzima.

Nikamnyoosha kwa kidole. Nikaisoma sentensi kwa sauti, mara tatu, na benchi halikupinda. Na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba chupa za chai atashika Namsifu.