Sanduku Lililojimeza

Lori lilikuwa limeshatoka uani, nami bado nimening'inia nyuma nakaza kamba, Bibi Masanduku alipotoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Polepole wewe! Vyombo vyangu havijazoea fujo!" Dereva akaongeza mwendo.

Nimebeba mizigo katika miji mingi kuliko meno niliyobakiwa nayo, lakini mfungaji kama yule mama sijapata kumwona. Jina hilo tulimpa sisi wapagazi. Kwake hakuna chombo kinachosafiri kitupu. Vijiko ndani ya vikombe, vikombe ndani ya birika, birika ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kapu, kapu ndani ya sanduku la bati. Ungemwachia nafasi angemtia na dereva kwenye pipa.

Lakini siku hiyo aliyekuwa roho juu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyebanwa kati ya dereva na Bibi, kompyuta mapajani. Tajiri wetu, mwenye malori, alimpa mtihani: atengeneze programu ya kutuma orodha ya mzigo kutoka kompyuta yetu hadi ya ghala, kupitia mtandao. Mzigo wa kwanza, vyombo hivi vya Bibi vya kuhifadhiwa ghalani mpaka nyumba ya mwanawe ijengwe iishe, ukipokelewa kabla ghala halijafungwa jioni, kazi ni yake. La sivyo inakwenda kwa shemeji wa tajiri, kijana ambaye cheti chake kikubwa ni dada yake.

Ghala halikutaka orodha ya kawaida. Lilitaka XML. Mimi niliyesoma darasa moja hapa na jingine kule, mpwa wangu alinieleza nikaelewa. Ni maandishi ya kufungua na kufunga. Ukitaja sanduku umelifungua. Unaandika vilivyomo, halafu unaandika kwamba umelifunga. Kama ndani kuna kapu, nalo lifunguliwe na kufungwa humohumo. Programu inazama mpaka chini, kisha inarudi juu ikifunga milango. Na kila penye kufuli, iandike ufunguo uko ndani ya nini, na hicho nacho kiko wapi. Asubuhi Bibi alikuwa amemtajia kila kitu kilipo, naye akaingiza neno kwa neno.

Getini karani wa ghala akatuinulia mkono. "Mzigo wenu haujafika."

"Na huu nini, mwanangu, sherehe?" Bibi akamwuliza.

"Hilo ni lori, mama. Mzigo ni ule unaofika humu." Akaigonga kompyuta yake kama mtu anayempiga mtoto kofi la mapenzi.

Mpwa wangu akatuma. Karani akaanza kusoma kwa sauti: "Sanduku. Ndani mkoba. Ndani ufunguo. Ufunguo wa sanduku. Ndani mkoba. Ndani ufunguo. Ufunguo wa sanduku..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada, mna masanduku mangapi ya bati?"

"Moja tu."

"Mimi hapa naona ya kutosha kijiji kizima, na bado yanakuja."

Kisha kompyuta ikaganda. Karani akanyanyuka kutafuta koti lake.

Simu ya mpwa wangu ikalia. Alikuwa tajiri akitaka habari, akaambiwa orodha imeganda. Na yule hahitaji spika, sauti yake peke yake inatosha uwanja. "Nilijua tu! Shemeji angeandika kwa kalamu, sasa hivi tungekuwa tunashusha!"

"Tajiri, nipe dakika."

"Dakika anazo karani, siyo mimi!"

Nikamsogelea mpwa wangu. "Mwanangu, mashine imerukwa na akili?"

"Mjomba, hebu ngoja." Alikuwa anang'ata kucha, macho kwenye kioo. Mara akageuka. "Bibi, samahani. Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

"Mkobani. Kitu cha maana vile nitakitupa wapi?"

"Na mkoba?"

"Mkoba uko salama kabisa. Nimeutia sandukuni."

"Hili la bati?"

"Sasa lipi jingine lina kufuli?"

Karani akabaki ameingiza mkono mmoja kwenye koti. "Mama, ulilifungaje?"

"Ni la kubana tu, linajifunga lenyewe. Ndiyo maana nililipenda."

Nilicheka mpaka nikashikilia gurudumu nisianguke. Bibi akanikata jicho. "Unacheka nini, mzee mzima? Kwani mwizi ataupata?"

Mpwa wangu akairudia simu. "Tajiri, programu inazunguka kwa sababu mzigo wenyewe unazunguka. Kosa langu ni moja, sikuifundisha ikumbuke ilikopita."

"Basi ufute huo ufunguo!"

"Sanduku lenye kufuli haliingii bila ufunguo," karani akadakia, ingawa hakuulizwa.

Ikabaki kuvunja kufuli. Bibi akajibandika mbele ya sanduku, mikono kiunoni. "Kufuli langu limekosa nini? Si limefanya kazi yake?"

"Bibi yangu," mpwa wangu akasema, "geti likifungwa, na mimi nimefungiwa nje."

Bibi akamtazama, akasonya, akasogea pembeni. Nikachukua mtalimbo. Pigo la kwanza lilinirudi begani. La pili likalimaliza. Mkoba ukatoka, Bibi akaukwapua na kuutundika begani. Mpwa wangu akabadilisha mistari miwili: mkoba uko kwa mwenyewe, sanduku halina kufuli. Akatuma.

Vikafunguka vyote mpaka vijiko, vikafungika vyote mpaka sanduku, orodha ikakoma. Karani akaisoma yote hadi mwisho. "Imepokelewa," akasema, akaenda kufungua geti na koti likiburuzika kwa mkono mmoja.

Mpwa wangu alipata kazi. Aliifanya miaka kadhaa, kisha akahamia kampuni ya meli. Shemeji wa tajiri alipewa kuosha malori, na anayaosha vizuri. Tajiri alinunua malori mengine mawili, akauza moja. Karani alistaafu, anafuga kuku. Bibi Masanduku alichukua vitu vyake nyumba ya mwanawe ilipokwisha kujengwa, na anaishi huko. Mimi niliacha upagazi mwaka uliofuata, nikaenda mji mwingine, ninapopaka rangi nyumba.