Mwanne na Kilima cha Mbiti

Sulemani alipoondoka kwenda Maskati alimwachia mkewe Mwanne vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mama yake mzazi, Bi Fakhria, ambaye miguu ilikwishaanza kumkataa. Cha pili kilikuwa baiskeli ya Kichina, nyeusi, ya kiume, iliyoegeshwa uani chini ya turubai.

"Nikishapata pa kukaa nitawaita," alisema.

Ndugu zake walikuwa wametangulia, baada ya serikali kuzichukua nyumba zao za kupangisha, na biashara ya nta aliyorithi kwa babu yake ilikuwa imelala. Mwanne alimsindikiza mpaka stesheni, akapunga mkono hadi behewa la mwisho likapotea, kisha akarudi mtaani kwao Cheyo, mjini Tabora, kwa miguu. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia. Habari za mumewe zilikuja kwa vinywa vya watu: kaonekana, hajambo, kafungua duka. Baadaye zikaja nyingine, kwamba ameoa. Mwanne alizisikia akiwa kwenye cherehani katika ushirika wa washonaji, akaendelea kushona sare za shule bila kuinua uso.

Hakuna aliyemfundisha baiskeli. Siku moja aliondoa lile turubai ili alifue, akaiona baiskeli imejaa vumbi, akaifuta. Kesho yake akaipeleka kwa fundi ikatiwa upepo. Kesho kutwa yake, alfajiri, alivaa suruali ya Sulemani ndani ya gauni, akajitanda buibui juu, akaikokota mpaka nje ya mji ambako hakuna wa kumcheka. Huko ndiko alikojifunzia, kwenye njia ya zamani ya misafara inayoshuka kuelekea Kwihara, njia iliyokanyagwa na wapagazi mpaka ardhi ikabonyea kama mfereji. Alianguka, akaamka, akaanguka. Alichubuka magoti yote mawili. Lakini kuna asubuhi magurudumu yalimkubali, miti ikaanza kurudi nyuma pande zote mbili, na Mwanne akajikuta anacheka peke yake msituni kama mwendawazimu.

Tangu siku hiyo hakuweza kuiacha.

Taabu ilikuwa muda. Bi Fakhria akishaswali alfajiri, akiwa amekaa kitandani, hulala tena mpaka jua lipande ukuta wa uani. Hapo huamka, na akiamka anataka kugeuzwa, kuogeshwa, kunyweshwa uji. Baada ya hapo kuna ushirika, na baada ya ushirika kuna soko, kuni, maji na kupika. Basi kile kipande kidogo baina ya sala na jua ndicho kilichokuwa cha Mwanne, naye alikitumia chote. Aliifunga buibui kwenye karia mara tu nyumba za mwisho zilipoisha, akakaza kanga kiunoni, akakanyaga.

Bi Fakhria alijua. Ingekuwaje asijue, na mlango wa uani unapiga kelele vile?

"Mke wa mtu anapanda chuma kama tarishi," alisema siku moja huku Mwanne akimsugua mgongo. "Watu watasemaje?"

"Wameshasema, mama. Wamechoka."

"Na mwanangu akirudi?"

Mwanne alimmiminia maji mabegani, polepole.

Mbele ya Kwihara njia ilikutana na kilima cha mawe kilichoitwa Kilima cha Mbiti, kwa sababu ya mafisi waliokuwa wakilala mapangoni mwake. Misafara ilikizunguka. Lakini palikuwa na kijia cha mbuzi kilichopanda moja kwa moja hadi juu, chembamba, chenye mizizi na changarawe, na Mwanne akakitamani. Alitaka akipande chote bila kuweka mguu chini. Hakuwa na sababu ya kumweleza mtu. Kila alipojaribu, alifika kwenye jiwe kubwa la katikati, gurudumu la mbele likanyanyuka, naye akashuka au akaangushwa.

Mara moja aliangushwa vibaya, akabiringika mpaka chini kwenye shamba la karanga. Alipofumbua macho aliona miguu ya mtu, na jembe.

"Mwangaluka," mwenye jembe alimsalimia kwa Kinyamwezi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye rozari shingoni. "Umekuja kununua karanga au kuzilalia?"

Huyo ndiye Koleta. Alikuwa mjane, mwanawe Nikolaus akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Igunga, naye akiishi peke yake chini ya kile kilima, na mizinga yake ya nyuki juu ya miti. Alimsafisha Mwanne kidonda, akampa maji ya mtungi yenye harufu ya moshi, akamkalisha kwenye kigoda. Hawakuzungumza mengi. Ila wakati Mwanne anaondoka, Koleta alisema, "Lile jiwe usilipande katikati. Mbuzi wangu hupita kushoto."

Kuanzia hapo kila safari ilikomea kwa Koleta. Mwanne akikaribia hupiga kengele, na Koleta hutoka na kata ya maji kabla baiskeli haijasimama. Hukaa kidogo tu, jua halimruhusu. Koleta humwita "mdogo wangu", naye humwita "dada", na ingawa yalikuwa maneno ambayo watu huitana njiani bila kufikiri, Mwanne aliyabeba mpaka mjini na kuyasikia tena akiwa kwenye cherehani. Mjini hakuwa na mtu wa namna hiyo. Mashoga zake wa zamani hawakujua wamwite nani, mke au mtalaka, na mtu akikosa jina la kukuita huacha kuja.

Si kwamba alikwenda kila alipotaka. Tyubu ilipasuka, na mji mzima hapakuwa na gundi ya viraka. Baiskeli ikalala uani mpaka fundi alipopata kikopo kutoka kwa dereva wa lori. Sukari ilipofika dukani, ilibidi awahi foleni kabla hakujapambazuka. Kulikuwa na asubuhi za mafunzo ya mgambo, na asubuhi za kujitolea kuchimba msingi wa zahanati, ambapo balozi wa nyumba kumi alipita akiita majina. Kulikuwa na masika, njia yote tope, mnyororo umekula mchanga. Mwanne aliyazoea hayo. Alipokosa wiki moja alijua Koleta atamsubiri ya pili.

Kisha, kiangazi kilipokuwa kimekolea, Bi Fakhria aliugua kifua. Usiku alikuwa akikoroma kama mlango mbovu, alfajiri homa inapanda. Mwanne hakuthubutu kumwacha hata dakika za kwenda kisimani. Jirani yake Zamda ndiye aliyemchotea maji. Alilala sakafuni kando ya kitanda, mkono wake umeshikwa na mkono mkavu wa yule bibi, ambaye katika homa alimwita kwa jina la Sulemani. Mwanne aliitika. Angefanyaje?

Mwezi uliandama, ukaisha, mwingine ukaandama ndipo homa ikamwachia. Asubuhi ya kwanza mgonjwa alipolala usingizi wa kweli, Mwanne alitoa baiskeli. Miguu ilikuwa imelegea, lakini hewa ilikuwa baridi na njia imekauka vizuri. Alipofika kilimani hakusimama kwanza. Alikuwa na hamu kubwa mno. Aliingia kwenye kijia, akakanyaga, akalifikia lile jiwe, akapita kushoto kama wapitavyo mbuzi, akahisi gurudumu la nyuma linateleza, akainama mbele mpaka kifua kikagusa usukani. Halafu hapakuwa na mlima tena mbele yake. Palikuwa na mbingu tu, na msitu wa miombo chini, kila upande, hadi macho yanapokoma.

Hakuwa ameweka mguu chini.

Alipiga kengele kwa nguvu. Akapiga tena. Akaangalia chini, kwa Koleta, na hakuona moshi.

Alishuka akiikokota baiskeli. Nyumba ilikuwa imeezuliwa. Kuta zilisimama zikitazama juu, na ndani jua lilikuwa likipiga mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Kigoda hakikuwapo. Mtungi ulikuwa umepasuka. Kuku mmoja aliyesahauliwa alimkimbia akaingia kwenye karanga zilizokauka bila kuvunwa. Juu ya miti mizinga ilikuwa bado inavuma.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi alimweleza bila kusimama. "Wamehamishwa. Operesheni ya vijiji. Malori yalikuja, wakapelekwa kwenye kijiji kipya, barabara ya Nzega, kabla hujafika Puge. Mimi mwenyewe narudi huko huko."

Mwanne alirudi mjini jua limekwishapanda ukuta. Bi Fakhria alikuwa macho, amelowa. Mwanne alimbadilisha shuka, akampa uji, na siku nzima alikuwa na lile jambo mdomoni, la kilima, na hakumpata wa kumwambia. Alijaribu kwa Zamda.

"Umepanda mlima na baiskeli?" Zamda alisema akipepeta mchele. "Kufuata nini huko?"

Kijiji kipya kilikuwa mbali, safari ya kutwa kwa baiskeli kwenda na kurudi, kwa mtu mwenye miguu ya nguvu. Mwanne alikaa na wazo hilo kwa siku nyingi. Mwishowe alimwomba Zamda ashinde na mgonjwa Jumapili moja, na Zamda akakubali, kwa manung'uniko lakini kwa moyo. Jumamosi jioni akamwambia Bi Fakhria.

"Nakwenda kumwangalia dada yangu. Nitarudi kabla ya magharibi."

"Huna dada, wewe."

"Ninaye."

Bi Fakhria aligeuzia uso ukutani. "Nenda. Wote mnakwenda."

Aliondoka kabla ya mapambazuko. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na malori yaliyompita yalimwacha akikohoa, haoni. Alikunywa maji yake yote mapema. Jua lilipofika utosini alikiona kijiji: nyumba mbili mbili zimepangwa kwenye mstari kama madawati, hakuna mti hata mmoja, nyingine zimekandikwa, nyingine fito tupu. Aliuliza, akaoneshwa. Akapiga kengele.

Koleta alitoka mikono imejaa udongo. Alimtazama, akatazama baiskeli, akatazama barabara.

"Na hicho chuma?" alisema. "Kutoka Tabora?"

"Ndiyo, dada."

Koleta alimkumbatia, udongo wote ukamhamia. Alikuwa amekonda. Alimkalisha kwenye gunia kivulini mwa ukuta, akamletea maji kidogo kwenye kikombe, akaomba radhi kwa uchache wake: bomba waliloahidiwa lilikuwa bado, na kisima kilikuwa mbali. Alieleza jinsi walivyopewa siku moja ya kufungasha, na jinsi alivyomwambia kijana wa mgambo kwamba ana mizinga, akajibiwa kwamba itafuatwa.

"Nilikaa nikisikiliza kengele yako," alisema. "Mpaka lori linawashwa, nasikiliza. Nikasema mdogo wangu atakuja akute mahame."

"Mama alikuwa mgonjwa."

"Nilijua ni jambo. Nilijua."

Kisha Mwanne akasema, "Nimekipanda kilima. Chote. Nilipita kushoto."

Koleta aliruka akapiga vigelegele, virefu, mkono mdomoni, mpaka majirani wakachungulia kuuliza kama kuna harusi. "Kakipanda!" aliwaambia. "Huyu! Kilima cha Mbiti, na baiskeli!" Wao walitikisa vichwa wakarudi ndani. Mwanne alicheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Walipoagana Koleta alimshika mkono kwa muda. "Usije tena hivi, mdogo wangu. Utanifia njiani. Huenda na mimi nikaenda kwa Nikolaus, Igunga. Hapa sijui."

"Ukienda nitajuaje?"

Koleta aliifuta kengele vumbi kwa kiganja, akaisukuma baiskeli mpaka barabarani.

Njiani kurudi rimu ya nyuma iligonga shimo ikajikunja, Mwanne akaikokota baiskeli mpaka lori la mchele kutoka Igunga lilipomhurumia. Alipofika Cheyo adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika. Zamda alimpokea mlangoni.

"Hajala. Kutwa nzima hajala. Anasema nawe umepanda meli kama mwanawe."

Mwanne aliingia na vumbi lake lote. Bi Fakhria alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho mlangoni.

"Umerudi?"

"Nimerudi, mama."

"Kwa nini?"

Swali hilo Mwanne hakulitarajia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua bakuli, akaukoroga uji uliopoa. "Fungua mdomo," alisema, na yule bibi akafungua, akala wote, macho hayamtoki mkwewe usoni.

Bi Fakhria alifariki katika mvua za kwanza, mchana, kwa utulivu. Walimzika, wakamsomea hitima, watu wakajaa uani na wakaondoka. Habari zilipelekwa Maskati kwa njia ya wasafiri. Zamda aliendelea kupita jioni kwa muda, kisha mjukuu wake akazaliwa, akawa hana nafasi. Kwa dereva wa lori la pamba Mwanne alisikia kwamba wajane wawili wa kijiji kile wamehamia Igunga. Jina la Koleta hakulisikia likitajwa, wala hakusikia kuwa amebaki.

Mvua zilipokatika, fundi alimletea rimu. Asubuhi iliyofuata Mwanne aliswali, akafunga mlango, akatoka. Hakukuwa na wa kumwahi, wala jua la kulitazama. Alipita Kwihara, akapita kilima bila kupanda, akaendelea na njia ya wapagazi mahali ambapo hakuwahi kupata muda wa kufika, mpaka majani yakawa marefu kuliko magurudumu na njia yenyewe ikatawanyika kati ya miti, huku kipande, kule kipande. Akashuka. Akakaa kwenye gogo, akala kitumbua alichofunga, akasikiliza ndege. Alikaa mpaka kivuli chake kikaingia chini ya miguu, kwa sababu aliweza.

Alirudi alasiri, akiendesha taratibu katikati ya mtaa, buibui imefungwa kwenye karia. Zamda alikuwa kibarazani na mtoto mapajani.

"Umetoka wapi saa hizi?"

"Kutembea tu," Mwanne alisema, akasukuma mlango wa uani kwa gurudumu la mbele, akaingia.